Wenyeji na Wageni katika Daftari la Chuo Kikuu: Maelezo juu ya Wanafunzi wa Uchunguzi wa Kiswahili

Kila mwaka wa masomo unapoanza, msajili wa chuo kikuu hufungua daftari lake akaandika majina ya wanafunzi wapya. Majina hayo huyagawa katika safu mbili: safu ya wenyeji na safu ya wageni. Mwisho wa mwaka safu hizo hujumlishwa, na hesabu yake hupelekwa wizarani, kwa wafadhili, na kwa mashirika ya kimataifa yakusanyayo takwimu za elimu. Wengi wazisomao hesabu hizo huuliza swali moja tu: je, idadi imepanda au imeshuka? Wageni wakiongezeka, husemwa kwamba chuo kimepata sifa. Wenyeji wakiongezeka, husemwa kwamba taifa limejitegemea.

Kusudi la makala haya ni kueleza kwamba, kwa upande wa uchunguzi wa Kiswahili, kupanda na kushuka kwa hesabu hizo hakuwezi kufahamika bila ya kujua kwanza maana ya safu zenyewe. Na kwamba maana hiyo imegeuka mara kadha wa kadha tangu lugha yetu ilipoanza kusomeshwa Ulaya katika karne ya 19. Jambo hili si la makarani peke yao. Hao waandikwao leo katika daftari ndio watakaokuwa walimu, watunga kamusi na wahakiki wa fasihi baada ya miaka 20. Mtu akitaka kujua lugha itakuwa mikononi mwa nani kesho, na alitazame daftari la wanafunzi wa uchunguzi la leo. Walakini na ajue namna ya kulisoma.

I. Mwanafunzi wa uchunguzi ni nani

Mwanafunzi wa uchunguzi ni yule aliyeandikishwa ili atunge tasnifu yake mwenyewe chini ya msimamizi, ama kwa shahada ya uzamili ama kwa shahada ya udaktari. Hutofautiana na mwanafunzi wa shahada ya kwanza kwa mambo matatu. Kwanza, wa namna yake ni wachache. Pili, hukaa chuoni muda mrefu: miaka mitatu au minne kwa kanuni, na aghalabu zaidi ya hiyo kwa mazoea. Tatu, hategemei darasa bali humtegemea mtu mmoja. Msimamizi akistaafu, akihama au akifariki, nafasi ya mwanafunzi nayo huyumba.

Kwa sababu hizo hesabu yake yataka hadhari. Idara iliyokuwa na wanafunzi 2 wa udaktari ikipata 5, asilimia ya ongezeko huonekana kubwa mno katika karatasi. Kumbe watu walioongezeka ni 3. Kinyume chake pia ni kweli. Watu hao 3, wakimaliza na kuajiriwa, wanaweza kuigeuza idara nzima, kwani kila mmoja wao atasomesha mamia ya wanafunzi katika maisha yake. Idadi ya wanafunzi wa shahada ya kwanza hupimwa kwa wingi wake. Idadi ya wanafunzi wa uchunguzi hupimwa kwa uzao wake.

II. Maana tatu za neno "mgeni"

Watu wa takwimu hutumia vipimo vitatu katika kumtambua mwanafunzi mgeni. Kipimo cha kwanza ni uraia: ana pasi ya nchi gani? Cha pili ni makazi: kabla ya kuja chuoni alikuwa akiishi wapi? Cha tatu ni masomo yaliyotangulia: elimu yake ya awali aliipata nchi gani? UNESCO na mashirika mengine ya takwimu hutofautisha mwanafunzi aliyevuka mpaka kwa ajili ya kusoma na yule ambaye ni raia wa nchi nyingine tu. Tofauti hiyo ina maana, kwani mtoto wa wazazi wa kigeni aliyezaliwa na kusomeshwa Nairobi anaweza kuwa mgeni kwa pasi yake, ilhali hajavuka mpaka wowote.

Vipimo hivi vyote vitatu ni vya nchi; hakuna hata kimoja kilicho cha lugha. Tuchukue mfano wa watu watatu wanaotaka kuchunguza Kiswahili katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mmoja amezaliwa Mombasa, na Kimvita ni lugha aliyonyonya kwa mamaye. Wa pili amelelewa Maskati katika nyumba ya watu wa Unguja, na Kiswahili ndicho kinachosemwa sebuleni. Wa tatu ni Mtanzania wa bara aliyekutana na Kiswahili shuleni, baada ya kuimiliki lugha ya kabila lake. Kwa daftari la chuo, wawili wa kwanza wanaweza kuwa wageni na wa tatu ni mwenyeji. Kwa lugha wanayoichunguza, mambo ni kinyume.

Sisemi kwamba daftari limekosea. Wala sisemi kwamba mzaliwa wa pwani ana haki zaidi katika lugha kuliko mzaliwa wa bara. Euphrase Kezilahabi alizaliwa Ukerewe, kisiwani katika Ziwa Viktoria, mbali na pwani ya Kiswahili, na hapana awezaye kuandika historia ya fasihi yetu bila ya kumtaja. Nisemalo ni kwamba safu mbili za daftari zilitengenezwa kwa ajili ya kutoza ada na kutoa hati za kuingia nchini. Kuzitumia kupimia hali ya elimu ya lugha ni sawa na kupima maji kwa mizani ya dukani: kitu kitapimika, lakini jibu utakalopata si la swali uliloliuliza.

III. Zama ambazo mwenyeji hakuwa mwanafunzi

Katika mwaka wa 1887 ilifunguliwa mjini Berlin shule ya lugha za Mashariki, na Kiswahili kikawa miongoni mwa lugha zilizosomeshwa hapo. Wanafunzi wake walikuwa Wajerumani: watu wa serikali, wafanya biashara na wamisionari waliojitayarisha kuja Afrika ya Mashariki. Waswahili nao walikuwapo, lakini si katika viti vya wanafunzi. Sleman bin Said wa Unguja alikuwa huko kama msomeshaji msaidizi, akafuatwa na Amur bin Nasur, na tangu mwaka wa 1900 akawapo Mtoro bin Mwinyi Bakari, mzaliwa wa Dunda karibu na Bagamoyo. Kazi yao ilikuwa kuwasemesha wanafunzi, kuwasahihisha matamshi na kuwaandikia habari za kusoma.

Mwaka 1903 kilitolewa Göttingen kitabu cha desturi za Waswahili, nacho mpaka leo ni hazina ya wachunguzi. Sehemu kubwa ya maelezo yake yalitoka kwa Mtoro. Lakini kilitoka kwa jina la Carl Velten, mwalimu wa Kijerumani aliyeyakusanya. Jina la Mtoro liliwekwa wazi katika anwani ya kitabu mwaka 1981, ilipochapishwa tafsiri ya Kiingereza iliyofanywa na J. W. T. Allen. Kati ya 1903 na 1981 ni miaka 78.

Tungekuwa na daftari la zama hizo tukazijumlisha safu zake, tungesema kwamba wachunguzi wa Kiswahili walikuwa Wazungu watupu. Kwa hesabu ni kweli. Lakini maarifa yalikuwa ya mtu ambaye daftari halikuwa na safu ya kumweka: si mwanafunzi, kwa kuwa alikuwa akifundisha, wala si profesa, kwa kuwa hakuwa na shahada. Mambo ya London hayakuwa mbali na hayo. Shule ya elimu ya Mashariki iliyopata hati yake mwaka 1916, na ambayo baadaye iliongeza jina la Afrika, ilipokea karatasi za W. E. Taylor, ambamo mna tungo za Muyaka bin Haji zilizokusanywa Mombasa kwa msaada wa Mwalimu Sikujua. Hivyo tungo zilizotungwa karibu na Ngome ya Mombasa zikawa haziwezi kusomwa katika miswada hiyo ila na mtu aliyepanda meli. Tangu hapo ikawa kwamba Mswahili atakaye kuichunguza lugha yake kwa undani hana budi kuwa mgeni katika nchi nyingine.

IV. Safari ya kwenda ng'ambo

Makerere ilipofanywa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha London mwaka 1949, wanafunzi wake walisoma Kampala lakini shahada zao zilikuwa za London. Halmashauri ya Kiswahili, iliyoanza kazi mwaka 1930 kwa ajili ya nchi nne, Tanganyika, Unguja, Kenya na Uganda, ilihamia Makerere mwaka 1952. Hatimaye ikaja Dar es Salaam, na mwaka 1964 ikageuka kuwa Chuo cha Uchunguzi wa Lugha ya Kiswahili. Mkurugenzi wake wa kwanza huko, W. H. Whiteley, alikuwa Mwingereza. Nyumba ya uchunguzi ilikuwa imekwisha kujengwa nyumbani. Wenye kuingia ndani kwa shahada ya udaktari walikuwa bado ni wachache.

Wakati uo huo milango ya ng'ambo ilikuwa ikifunguka. Mwaka 1958, baada ya Warusi kurusha chombo chao angani, Marekani ilitunga sheria ya kugharimia masomo ya lugha za kigeni, na Kiswahili kilifaidika nayo. Vijana wa Kimarekani wakaanza kujifunza Kiswahili katika vyuo vyao, na baadhi yao wakaja kwetu kufanya uchunguzi. Mwaka 1959 mkutano wa elimu wa Jumuiya ya Madola uliofanyika Oxford ulianzisha mpango wa ufadhili wa masomo baina ya nchi wanachama. Kwa njia hizo mbili wakapishana baharini na angani wachunguzi wa namna mbili: Wamarekani na Wazungu wakija kusikiliza, na Waafrika wakienda kuandikishwa.

Kezilahabi ni mfano mzuri wa safari hiyo. Tasnifu yake ya uzamili juu ya riwaya za Shaaban Robert aliiandika Dar es Salaam, kwa Kiswahili, mwaka 1976. Tasnifu yake ya udaktari, iliyohusu falsafa ya Kiafrika na ufafanuzi wa fasihi, aliiandika kwa Kiingereza katika Chuo Kikuu cha Wisconsin, Madison, akaimaliza mwaka 1985. Mtu ni yule yule, na moyo wa kazi ni ule ule. Katika daftari la kwanza yeye ni mwenyeji. Katika la pili ni mgeni, na lugha ya kazi imebadilika pamoja na safu.

V. Nguvu ya ada

Ni nini basi kinachopandisha na kushusha hesabu? Wako wasemao kwamba ni sifa ya chuo au mapenzi ya elimu. Mambo hayo yamo, lakini historia yaonyesha kwamba mkono wenye nguvu kuliko yote ni ada.

Mwaka 1967 Uingereza, kwa mara ya kwanza, ilitenganisha ada ya mwenyeji na ya mgeni kwa nchi nzima: mwenyeji alilipa pauni 70 kwa mwaka, mgeni pauni 250. Mwaka 1980 ilikwenda mbele zaidi, ikamtaka mgeni mpya alipe gharama yote ya masomo yake. Idadi ya wageni ikashuka katika miaka iliyofuata, na walioumia zaidi ni watokao katika nchi maskini za Jumuiya ya Madola, zetu zikiwamo. Jambo la namna hiyo limeonekana tena karibuni. Uingereza ilipotoka katika Umoja wa Ulaya, wanafunzi wapya kutoka nchi za Umoja huo walianza kutozwa ada ya wageni katika mwaka wa masomo wa 2021/22, na hesabu ya walioanza masomo mwaka huo, wa ngazi zote pamoja, ilipungua kwa takriban nusu. Vyuo havikuwa vimepungukiwa na sifa, wala vijana wa Ulaya hawakuwa wameichukia elimu. Kilichobadilika ni safu waliyoandikwa.

Ujerumani ilichukua njia nyingine. Katika majimbo yake mengi mgeni halipi ada ya masomo zaidi ya mwenyeji. Jimbo la Baden-Württemberg, lilipoanza mwaka 2017 kuwatoza wanafunzi watokao nje ya Umoja wa Ulaya euro 1,500 kwa muhula, liliwaacha nje wanafunzi wa udaktari. Mtu akitaka kujua kwa nini Waafrika wachunguzao Kiswahili wameonekana kwa miaka mingi katika miji kama Bayreuth, Leipzig na Hamburg, na aanze na jambo hilo pamoja na ufadhili wa serikali ya nchi hiyo, kabla ya kutafuta sababu nyingine.

VI. Kurudi nyumbani

Mwaka 1970 ni mwaka wa kukumbukwa kwa sababu mbili. Ya kwanza yafurahisha: Idara ya Kiswahili ilianzishwa Dar es Salaam, na Kiswahili kikawa si somo tu bali pia lugha ya kusomeshea somo hilo katika daraja ya chuo kikuu. Mwaka 2009 idara hiyo iliunganishwa na taasisi ya uchunguzi, na kwa muungano huo ikazaliwa Taasisi ya Taaluma za Kiswahili.

Sababu ya pili yahusu daftari. Tangu 1963 vyuo vya Makerere, Nairobi na Dar es Salaam vilikuwa viungo vya chuo kikuu kimoja, Chuo Kikuu cha Afrika ya Mashariki. Mkenya aliyesoma Dar es Salaam alikuwa ndani ya chuo chake mwenyewe. Kufikia tarehe 1 Julai 1970 chuo hicho kilikuwa kimevunjwa, na kila nchi ikabaki na chuo chake. Mkenya aliyelala mwenyeji akaamka mgeni. Hakuhama chumba, hakubadili msimamizi, wala hakubadili lugha. Mstari ulipigwa akajikuta ng'ambo yake. Atazamaye takwimu za miaka hiyo akaona wageni wametokea ghafula, asidhani kwamba watu walihama. Mpaka ndio uliohama.

Baada ya hapo hesabu ya wenyeji ilianza kukua kwa sababu za nyumbani. Nchini Kenya mfumo wa elimu wa 1985 ulikifanya Kiswahili somo la lazima la kutahiniwa katika shule za msingi na za sekondari. Walimu wakatakiwa kwa wingi. Ili wapatikane, vyuo vikavuta wanafunzi wa shahada ya kwanza. Na ili hao wafundishwe, wakatakiwa wahadhiri. Vyuo vya Moi na Kenyatta, vilivyopata hadhi ya chuo kikuu mwaka 1984 na 1985, vilikuta haja hiyo mlangoni. Kisha kanuni za 2014 za kusimamia vyuo vikuu zilitaka mhadhiri awe na shahada ya udaktari, na wasaidizi wengi waliokuwa wakisomesha kwa shahada ya uzamili wakalazimika kurudi katika viti vya wanafunzi. Hivyo uamuzi uliofanywa juu ya mtoto wa darasa la kwanza ukaja, baada ya miaka mingi, kuongeza jina katika daftari la udaktari.

Na kazi yenyewe yafanyika nyumbani. Mwaka 1986, mmoja tu baada ya Kezilahabi kuhitimu Marekani, M. M. Mulokozi alihitimu udaktari Dar es Salaam kwa tasnifu juu ya tendi za Kihaya ziimbwazo kwa nanga. Mada ilikuwa ya nyumbani, chuo kilikuwa cha nyumbani, na aliyehitimu akabaki kuwafunza wengine. Tasnifu hiyo nayo iliandikwa kwa Kiingereza. Jambo hili lafaa likumbukwe, maana watu hudhani kwamba mwanafunzi akiwa mwenyeji, lugha ya kazi yake nayo itakuwa ya mwenyeji. Si lazima iwe hivyo.

Yako pia masomo yasiyokaa vizuri katika safu yoyote. Shirika la Sweden la kusaidia uchunguzi, SAREC, lililoanzishwa mwaka 1975, liligharimia mpango ambao mwanafunzi hukaa miezi kadha Sweden na miezi mingine nyumbani, akiwa na wasimamizi pande zote mbili. Mpango huu, uliotumika zaidi katika sayansi, ulimwepusha mtu na kupotelea ng'ambo. Lakini je, mwanafunzi huyo ni wa wapi? Akiandikwa huku na huko atahesabiwa mara mbili. Akiachwa na kila upande kwa kudhani ameandikwa na mwenziwe, hatahesabiwa kabisa.

VII. Mipaka inayolegezwa

Kama mpaka unaweza kupigwa kwa kalamu, unaweza pia kufutwa kwa kalamu. Mwaka 1997 nchi za Kusini mwa Afrika, Tanzania ikiwa mojawapo, zilitia sahihi itifaki ya elimu. Ndani yake zilikubaliana kwamba katika muda wa miaka 10 tangu itifaki kuanza kutumika, mwanafunzi atokaye katika nchi mwenzi atendewe kama mwenyeji katika ada na malazi. Tarehe 20 Mei 2017, wakuu wa nchi za Afrika ya Mashariki waliokutana Dar es Salaam walitangaza kwamba nchi zao ni eneo moja la elimu ya juu.

Tangazo hilo lina uzito wa pekee kwa Kiswahili. Jumuiya iliipokea Kongo mwaka 2022 na Somalia mwaka 2024. Kwa hiyo mchunguzi wa Kiswahili cha Lubumbashi, na mchunguzi wa Chimwini cha Barawa, wote wawili wamo ndani ya uzio mmoja na mwenzao wa Lamu. Zamani wa kwanza angeandika Kifaransa akaelekea Ubelgiji, na wa pili angepata shida hata ya kufika. Tangazo likitimizwa kwa ada na si kwa maneno, hesabu ya "wageni" katika vyuo vyetu itashuka tena kwa siku moja, kama ilivyopanda 1970. Siku hiyo asitokee mtu akaandika kwamba sifa ya vyuo imeporomoka.

VIII. Yasiyoandikwa

Limebaki jambo ambalo safu haziwezi kulionyesha hata zikihesabiwa vyema namna gani. Sheikh Ahmed Sheikh Nabhany, mzaliwa wa upande wa Lamu aliyeishi Mombasa mpaka alipofariki mwaka 2017, alikuwa bahari ya maneno ya Kiswahili cha kaskazini. Utungo wake juu ya jahazi, *Sambo ya Kiwandeo*, ulichapishwa Leiden mwaka 1979. Wanafunzi wa uchunguzi, wenyeji na wageni, walibisha hodi kwake miaka nenda miaka rudi, wakatoka na tasnifu. Kila mmoja wao yumo katika daftari la chuo fulani. Yeye aliyewapa maneno yumo katika shukrani, ukurasa wa mwanzo. Hali yake haikuwa ile ya Mtoro, kwa kuwa jina lake lilijulikana na kuheshimiwa. Walakini daftari bado halikuwa na safu yake.

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika uchunguzi wa lugha, kupona kwa mwenyeji ni nini? Si ada kubwa aliyotozwa mgeni, ijapokuwa fedha hizo zinasaidia. Ni kwamba sauti alizozinasa zimebaki pia mahali zilipotoka. Kwamba nakala ya tasnifu yake inapatikana katika maktaba ya karibu na watu waliomfundisha. Na kwamba swali alilolitafutia jibu ni swali ambalo wenyeji nao wangelipenda lijibiwe. Allen alipokusanya miswada ya Kiswahili na Kiarabu ikahifadhiwa katika maktaba ya Dar es Salaam, na orodha yake ikachapishwa 1970, alifanya jambo linaloweza kugeuza njia ya wanafunzi. Wachunguzi huifuata miswada. Taylor aliipeleka London, na Waswahili wakalazimika kwenda London. Miswada ikikaa Dar es Salaam, wa London ndio wajao.

Na mwenyeji naye ana deni lake. Mwanafunzi aliyeandikishwa nyumbani, akaandika tasnifu ambayo watu wa kijiji alichokichunguza hawawezi kuisoma, kisha nakala yake moja ikafungiwa kabatini, amewafaa nini zaidi ya mgeni? Safu ya wenyeji inaweza kujaa ilhali elimu haijarudi nyumbani.

IX. Pendekezo

Sipendekezi kwamba safu mbili za zamani zifutwe. Wizara inazihitaji, na mhasibu anazihitaji. Napendekeza kwamba taasisi zisomeshazo Kiswahili ziwe na daftari lao la pili, dogo, la wanafunzi wa uchunguzi peke yao. Ndani yake mambo matano yaandikwe kwa kila jina: mwanafunzi alipata wapi elimu yake ya awali, ni nani anayemlipia, Kiswahili ni lugha yake ya ngapi, tasnifu yake ameiandika kwa lugha gani, na nakala yake, pamoja na kanda na miswada aliyoikusanya, imewekwa wapi. Jambo la sita lingefaa pia: majina ya wazee na walimu wa mitaani waliomsaidia, kwa kadiri wanavyoridhia kutajwa.

Kazi hiyo si kubwa. Wanafunzi wenyewe ni wachache, kama nilivyotangulia kueleza, na mtu mmoja anaweza kuimaliza kwa wiki moja kila mwaka. Lakini baada ya miaka 10 tutaweza kujibu maswali ambayo leo twayajibu kwa kukisia: kama ongezeko la wenyeji limeongeza maandishi ya Kiswahili au la; kama wageni wamepungua kwa kuchoka nasi au kwa kukosa nauli; na kama yaliyochukuliwa kwetu yanarudi.

Methali nyingine yatuambia kwamba mgeni ni siku mbili, ya tatu apewe jembe. Katika shamba hili wengi wa wageni walikuja na majembe yao, wakalima vizuri, na mavuno wakayahifadhi ghalani kwao. Hatuna sababu ya kuwalaumu kwa kulima. Iliyo juu yetu ni kujenga ghala hapa, na kuweka daftari litakalotuonyesha, kila mwaka, ni kiasi gani kilichoingia humo.